Ikikauka Tutahamia

Al Amerat, Maskati

Dada yangu Namkunda,

Shikamoo dada. Hujambo wewe na huyo mgeni wetu aliyeko tumboni? Bado anakupiga mateke ukilalia ubavu wa kushoto? Miguu imepungua kuvimba? Na shemeji je, ameshaezeka lile banda la kupikia au bado anasubiri mvua ya vuli imalize kumcheka? Tangawizi za Mama kule bondeni zimepona au maji yameziozesha? Mimi huku mwili mzima, nakula, nalala. Kichwa ndio hakitulii, na nitakwambia kwa nini.

Najua utashangaa kupewa bahasha wakati simu ipo. Ila we si unajua kwetu. Nikituma sauti, Mama anaiweka spika pale sebuleni, anasikiliza yeye, Baba, na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ya leo nataka uyasome wewe kwanza, peke yako, na mlango ukiwa wazi. Utaona mbele kwa nini nasema mlango. Barua anakuletea Mama Upendo, yule Mpare mwenzetu anayefanya kazi kwa watu wa mtaa wa Sidab. Anakuja likizo. Nimefungia humo na kishali cha mtoto.

Nilikuahidi kwamba Januari ukijifungua nitakuwepo. Soma mpaka mwisho, halafu ndio unikasirikie.

Basi bwana. Si nilikwambia hawa ninaokaa nao ni Waomani wa asili ya Unguja, Kiswahili ndio cha nyumbani? Yupo Baba Shaima, yeye yuko wizarani, anatoka asubuhi kuvuka milima kwenda mjini, anarudi amechoka. Yupo Mama Shaima. Yupo Shaima mwenyewe, darasa la tano, mdomo kama redio. Na yupo Bibi Zuwena, mama yake Baba Shaima. Mimi kazi yangu kubwa ni huyo Bibi. Usafi nafanya, kupika nasaidia, ila nilichukuliwa kwa ajili yake.

Mwezi uliopita Shaima akarudi kutoka kwa rafiki yake ameona nyumba ya biskuti. Nyumba kabisa, ina kuta, paa, madirisha, imetengenezwa kwa biskuti za tangawizi na kupambwa kwa sukari na pipi. Wazungu wanazitengeneza wakati wa Krismasi. Akalia anataka ya kwake, binamu zake waje waione likizoni. Mama Shaima akasema zinauzwa, Shaima akasema hataki ya dukani, anataka ya Dada Nakijwa.

Mwenzangu, mimi nilivyosikia tangawizi, moyo uliruka. Nimekulia kwenye tangawizi, mikono yangu ilinuka tangawizi shule nzima mpaka mnanitania, leo niambiwe kuna watu wanaijengea nyumba? Nikaingia kwenye simu. Nikatazama video moja, nikatazama ya pili, nikajua hii kazi naiweza. Hakuna aliyenifundisha keki, hakuna aliyenifundisha kushona, hii itanishinda nini.

Mama Shaima akaja jikoni kunipa masharti.

"Nakijwa, usiweke nyota. Usiweke yule mzee mwenye ndevu. Hii nyumba ya likizo tu, khalas."

"Na theluji?"

Akafikiri. "Theluji weka. Theluji haina dini."

Video zinasema utumie sukari guru nyeusi iliyoyeyuka. Mimi nikatumia asali ya tende, maana hapa imejaa kabatini. Ladha ilikuwa ya ajabu, dada, ungeomba upewe ukuta mzima. Ila asali ya tende inavuta maji ya hewani. Nilichonga kuta kwa kufuata vipande vya karatasi, nikazioka, zikatoka ngumu kama vigae. Kesho yake zimelegea, zimepinda kama mtu mwenye homa. Mawingu nayo yalikuwa yameanza kukaa juu ya milima, hewa nzito. Nikaoka tena. Safari hii nikazihamishia kile chumba kidogo cha kupigia pasi, nikawasha AC ya kukausha hewa, nikaziba kingo zote za dirisha kwa utepe wa gundi, na upenyo wa chini ya mlango nikauziba kwa taulo. Hewa ya nje isiingie hata chembe. Niliipenda ile akili yangu, nikamtumia na picha Mama Upendo.

Sasa Bibi Zuwena. Huyu Bibi nampenda, nisikufiche. Ananiita mwanangu, ananisuka nywele ingawa vidole vinatetemeka. Ila kumbukumbu inamtoka. Ilianza kidogo kidogo. Anauliza chai, kumbe ameshakunywa. Anaita Shaima kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Nikawa nimejifunza jambo moja: usimbishie. Ukimwambia "Bibi, dada yako alikufa," anamlilia upya, kila siku msiba mpya. Kwa hiyo akiniuliza dada yake yuko wapi namwambia katoka kidogo, anatulia, anaendelea na tasbihi yake.

Nikiwa nasimamisha kuta, akaja akakaa kwenye kigoda akaniangalia. Nilikuwa nachora theluji juu ya paa kwa ute wa yai na sukari ya unga.

"Unafanya nini hapo?"

"Theluji, Bibi."

"Theluji ya nini? Hiyo chokaa. Na chokaa haipakwi juu ya paa, inapakwa ukutani. Nani kakufundisha kujenga wewe?"

Shaima akacheka mpaka akakaa chini. Mimi nikapaka ukutani. Basi Bibi akachangamka, dada, sijawahi kumuona vile. Akataka baraza nje, mahali pa kukaa watu. Akataka mlango mkubwa wa kufunguka pande mbili. Madirisha nilikuwa nimeyatengeneza kwa pipi za kuyeyusha, nyekundu na kijani, ukiweka taa nyuma yanawaka. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Vioo vya nyumbani hivi," akasema. "Jua la alasiri likipiga, sakafu yote nyekundu. Tulitoka hatukufunga hata mlango. Baba alisema tunarudi."

Pale nikaelewa najenga nyumba gani: ile ya kwao waliyoiacha Unguja. Na mimi kwa kiherehere changu nikaijenga kweli. Kila alichosema nikakiweka. Ngazi za nyuma, nikaweka. Kisima, nikaweka. Ukuta wa nyuma nikauacha wazi ili taa ipite. Ilikuwa nzuri mpaka Mama Shaima akairekodi kwa simu, akasema sasa hii si ya wazungu tena.

Ndipo Bibi alipoanza kuniuliza. "Tunahamia lini?"

Mara ya kwanza nilidhani anatania. Nikamjibu kwa utani nami. "Ikikauka, Bibi. Ikikauka tutahamia."

Akatingisha kichwa, kama fundi amempa jibu la kweli. "Naam. Nyumba mbichi haikaliki."

Kutoka hapo ikawa kila asubuhi. Nafungua pazia la chumbani kwake, ananiuliza imekauka? Namwambia bado, Bibi. Siku moja nikakuta amefungasha. Kanga mbili, msahafu, mswaki, chupa ya mafuta ya nazi, kafunga furushi kaliweka miguuni pa kitanda. Nikalifungua nikarudisha vitu kabatini. Kesho yake lipo tena, na safari hii ndani yake kuna kanga yangu, ile uliyonipa wewe nikiondoka. Alikuwa amenifungashia na mimi.

Nikamwambia Mama Shaima. "Bibi anadhani tunahama kwenda kwenye ile nyumba."

Akacheka kwa upole. "Mtu mzima huyo, anajifurahisha."

Nikamwambia Baba Shaima, nikamsubiri kabisa ameshakula. "Baba, Bibi anasahau sana siku hizi."

"Nani hasahau?" akasema. "Mimi mwenyewe jana nimesahau gari nimeliegesha wapi." Akainuka akaenda kunawa. Sikuongeza. Wewe unajua mtoto wa kiume hataki kuambiwa mama yake anaondoka huku amekaa palepale.

Siku ya tukio ilikuwa alasiri. Baba kazini. Mama Shaima alikuwa anamchukua Shaima wakanunue viatu, na huyu mtoto kabla ya kutoka akachungulia chumba cha pasi akaniuliza kwa sauti yake ile, "Dada Nakijwa, nyumba imekauka?" Nikagonga paa kwa kidole, likalia ko ko. Nikamjibu na mimi kwa sauti, "Imekauka, mama, sasa imekauka kabisa."

Bibi alikuwa sebuleni. Mimi sikumfikiria.

Wakaondoka. Wingu likawa jeusi upande wa milimani, nikapanda juu darini kuanua nguo. Nguo zilikuwa nyingi, mashuka, kanzu za Baba. Nikazikunja hukohuko juu nikishindana na matone ya kwanza. Nilipokuwa nashuka ngazi nikasikia harufu ya ubani. Dada, nilifurahi. Huwa inanituliza. Nikajua Bibi anafukiza nguo zake chumbani, kama kila wiki. Nikaweka nguo sebuleni, nikawa nazipanga moja moja, nikaanza hata kuimba.

Sasa nikueleze desturi yao moja. Nyumba mpya, kabla watu hawajahamia, lazima ifukizwe. Unawasha mkaa kwenye chetezo, kile chombo cha udongo cha kufukizia, unatia ubani na udi, unapita chumba kwa chumba. Na unafunga madirisha na milango, moshi usitoke, uingie kwenye kuta. Bibi mwenyewe ndiye alinihadithia hayo akiwa amekaa kwenye kigoda kile.

Nimefika kwenye shuka ya tatu nikakumbuka nimesema nini. Imekauka.

Nikaenda chumbani kwake, hayupo. Furushi halipo. Chumba cha pasi mlango umefungwa, nikausukuma, mgumu. Ile taulo yangu alikuwa ameisokomeza chini kwa ndani, vizuri kuliko nilivyokuwa nasokomeza mimi. Nikasukuma kwa bega.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejitanda kanga mpya, furushi mapajani, anaitazama nyumba. Alikuwa amechukua mkaa wa mishkaki wa Baba Shaima, kajaza kile chetezo kikubwa, kakiingiza kwa ule upande wa nyuma niliouacha wazi. Moshi ulikuwa unatoka mlangoni na madirishani taratibu, kama kuna watu ndani wanapika. Paa limelegea katikati, limeshuka. Zile pipi nyekundu zimeyeyuka, zinachuruzika kwenye chokaa mpaka barazani. Na mashavu ya Bibi mekundu, dada, mazuri, kama msichana.

Akageuza kichwa polepole sana. "Karibu ndani, mwanangu. Nshahamia."

Akasinzia akiwa bado anatabasamu.

Sikumbuki nilivyomtoa. Nakumbuka uzito, nakumbuka kichwa changu kugonga kama ngoma, nakumbuka nimemlaza uani na mvua inamnyeshea usoni na mimi napiga kelele kwa majirani kwa Kiarabu changu kibovu. Jirani ndiye aliyetupeleka hospitali.

Huko kulikuwa na nesi mmoja anajua Kiswahili cha Unguja. Akaniuliza chumba kilikuwaje. Nikamwambia kimezibwa, na aliyekiziba ni mimi. Hakunigombeza. Akasema mkaa una sumu haina harufu, haina rangi, mtu hajui anakufa, anaona usingizi tu. Akasema ubani hauna kosa, moshi hauna kosa, hata mkaa uliotulia ukawa mwekundu bila moshi wowote ndio uleule. Tena ule usio na moshi ndio unaodanganya watu. Akasema kila baridi ikiingia wanaletewa watu waliolala kwenye hema na jiko la mkaa, wengine wanaletwa wameshachelewa.

Bibi amepona. Yuko nyumbani. Ila alirudi bila Kiarabu. Kimemtoka chote. Sasa hivi ni Kiswahili tu, na Kiswahili chenyewe cha utotoni, hata mwanawe kuna maneno hayashiki.

Baba Shaima alisimama kwenye kile chumba akagusa utepe wa dirishani. "Nani kaziba hapa?"

"Mimi, Baba."

Akaanza kuubandua. Afadhali angefoka. Halafu akasema mama yake amefukiza nyumba maisha yake yote hajawahi kudhurika, kwa hiyo tatizo lilikuwa huu utepe na hivi vibiskuti, sasa utepe umetolewa, biskuti zimetupwa, limekwisha. Mama Shaima akasema inshallah limekwisha. Kuhusu kusahau hakuna aliyegusa.

Mimi nilimuona Bibi kesho yake anafungua droo za jikoni, moja baada ya nyingine, kwa adabu, kama mgeni asiyetaka kusumbua.

"Unatafuta nini, Bibi?"

"Kiberiti changu. Nani kakitia wapi?"

Nimekificha. Na mkaa nimeuficha. Ila nyumba ya watu, dada, moto haukosi mahali.

Sasa sikiliza. Tiketi yangu ipo, wao hawajanikatalia. Wametafuta msichana mwingine wa kukaa na Bibi nikiwa likizo. Amekuja kujaribu kazi siku mbili, ni mtu mwema, ila hajui neno moja la Kiswahili. Bibi akamwambia "nnakwenda kufukiza," yule binti akatabasamu, akamfungulia mlango apite. Nilikuwa nyuma yake. Nikaona nikiondoka, siku itakayofuata ndio itakuwa hivyohivyo, mtu atatabasamu na kumfungulia mlango.

Bado nikawa najiambia nitakuja, nimemuahidi dada. Jana nikakaa miguuni pa Bibi akanisuka, nikamwambia, Bibi, mimi nasafiri, dada yangu anajifungua. Akafurahi. Akanishika kichwa, akaniombea dua ndefu, akakutaja na wewe.

Kisha akasema, "Nenda mwanangu, kamtazame nduguyo. Ila ukitoka, niachie kiberiti."

Nikainuka nikaenda kwa Baba Shaima nikamwambia sisafiri mpaka dada yake aje kutoka Salala, maana yeye amelelewa na Kiswahili cha mama yake na anasema atakuja, ingawa hasemi lini. Akanitazama sana. "Si umenililia likizo hii mwaka mzima?" Nikamweleza lile neno la kiberiti. Akainamisha kichwa, na mara hii hakunijibu kwamba watu wote wanasahau.

Kwa hiyo sitakuwepo, dada. Nilipima. Wewe unaweza kuambiwa jambo ukalishika. Yeye hawezi tena. Ndio maana nakuambia.

Unamkumbuka mke wa fundi cherehani, pale juu ya kanisa? Alijifungua wakati wa ukungu kama huu wa kwenu sasa. Wakamfungia chumbani na mtoto wake, kama inavyofanywa kwetu kwa kila mzazi, madirisha yamezibwa kwa magunia, jiko la mkaa katikati wapate joto. Asubuhi wakawakuta wote wawili. Mimi nilichungulia, nilikuwa mdogo, nikakimbia. Watu walisema mbona wazuri hivi, mbona mashavu mekundu kama wamelala, huu ni mkono wa mtu. Wakamsema yule bibi wa bondeni mpaka akahama na kuku wake. Na jiko lilikuwa palepale katikati, limejizimia.

Tangu siku ya Bibi kila nikifumba macho naona mashavu yale, sijui ni ya nani, ya Bibi au ya yule mama. Halafu naona yako.

Najua Mama ameshaweka akiba ya mkaa kwa ajili yako. Najua banda la kupikia halina paa, kwa hiyo jiko litaingia ndani tu. Najua atakuambia tumezaliwa wote hivyo na hatukufa. Ni kweli, kwa sababu nyumba ya zamani ilikuwa ya udongo na miti, ilikuwa inavuja upepo kila upande. Wewe unakaa kwenye nyumba ya tofali aliyotujengea shemeji, madirisha ya vioo, mlango wa mbao nene. Haivuji kitu. Ni kama kile chumba changu cha pasi.

Usikubali. Jiko likae nje, maji yachemke huko, blanketi zipashwe huko ziletwe. Mama akifunga dirisha, wewe lifungue akitoka. Akikasirika mwambie ni mimi nimesema, anikasirikie mimi, niko mbali. Na ukisikia usingizi mtamu usioeleweka, usilale, beba mtoto toka nje, hata kama kuna mvua. Hasa kama kuna mvua.

Mwonyeshe shemeji barua hii ukimaliza, yeye ndiye mwenye nguvu ya kubishana na Mama. Mwambie shemeji namsalimu sana na aache kungojea jua, aezeke banda. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie tangawizi yake ndiyo imenitia matatani huku, lakini taratibu, asije akadhani namlaumu. Baba mwambie redio yake nitamletea. Msalimie shangazi yetu wa Same mjini, na mkunga wetu, huyo umsomee ile sehemu ya nesi neno kwa neno. Na kama kuna mtu anajua yule bibi wa bondeni alihamia wapi, na kama yu hai, ampelekee salamu zangu. Aseme tu zimetoka kwa mtoto aliyechungulia dirishani.

Hapa mawingu yamerudi. Bibi ameamka, namsikia anafungua makabati.

Mimi mdogo wako,
Nakijwa

Nikirudi nataka nikukute unalalamika baridi.